Nyumba Kongwe, Mvinyo Mchanga: Kuhusu Prosecco ya Vilimani

Swali: "Mtaalamu, salamu. Ninasimamia baa katika hoteli ndogo hapa Malindi, na wageni wetu wengi ni Waitaliano. Mimi ni Mwislamu na sinywi pombe, ila kazi yangu ni kuiuza na ninataka kuifanya vizuri. Tuna Prosecco za aina mbili: moja ya bei nafuu, na nyingine ya nyumba ya familia ya vilimani, ambayo lebo yake ina jina la ukoo na mwaka wa zamani sana, na bei yake ni karibu maradufu. Wageni huniuliza tofauti yake nami hubabaika. Mwezi uliopita mgeni alirudisha chupa ya ile ya bei kubwa, iliyoandikwa 'Extra Dry', akisema ni tamu, basi nikaanza kushuku kwamba tumeuziwa bandia. Isitoshe, bosi wangu aliamuru katoni nne ziwekwe stoo tangu mwaka juzi, kwa hoja kwamba mvinyo wa nyumba kongwe huzidi kuwa mzuri kadiri unavyokaa. Ninauza nini hasa, na hizo katoni zimepanda thamani au zimeharibika?"

Jibu: Ndugu yangu, maswali yako ni mengi, lakini nikiyapekua naona yamefungwa kwa kamba moja. Bosi wako ameusoma mwaka ulio kwenye lebo akadhani ni sifa ya mvinyo, ilhali ni sifa ya ukoo. Nyumba inaweza kuwa na miaka mia na hamsini, na bado mvinyo wake ukawa umetengenezwa ili unywewe ukingali mchanga, ndani ya mwaka mmoja au miwili baada ya kutiwa kwenye chupa. Ukishaelewa namna Prosecco inavyopata povu lake utaona kwa nini ni hivyo, na hata kisa cha mgeni aliyerudisha chupa kitakuwa chepesi. Kuhusu kutokunywa kwako, usione haya hata kidogo. Karibu kila unachohitaji kujua kimeandikwa kwenye lebo au kinaonekana kwa macho, na pale ambapo lazima mtu aonje nitakuambia umwite nani.

Tuanze na jina, kwa kuwa ndilo linalowachanganya wageni wako. Wengi hudhani kwamba mvinyo wowote mweupe wa Italia wenye mapovu waweza kuitwa Prosecco. Hilo si kweli. Prosecco ni jina la mahali linalolindwa na sheria. Hadi mwaka 2009 lilikuwa pia jina la zabibu yenyewe. Mwaka huo Waitaliano waliirudishia zabibu jina lake jingine la kale, Glera, na jina Prosecco wakaliegemeza kwenye kijiji cha Prosecco kilichoko karibu na mji wa Trieste, ili mkulima wa bara jingine anayepanda zabibu ileile asiweze kulidai jina hilo katika soko la Ulaya. Tangu hapo kuna eneo pana liitwalo DOC, kifupi cha Kiitaliano cha jina la asili linalodhibitiwa, linaloenea katika wilaya tisa za majimbo ya Veneto na Friuli Venezia Giulia, sehemu yake kubwa ikiwa tambarare. Ndani ya eneo hilo kuna ukanda mwembamba wa vilima kati ya miji ya Conegliano na Valdobbiadene, kilomita hamsini hivi kaskazini ya Venice, wenye daraja la juu zaidi liitwalo DOCG, yaani jina linalodhibitiwa na kuthibitishwa; jirani yake, kwenye vilima vya Asolo, kuna DOCG nyingine ndogo. Mvinyo wa kote huko lazima uwe na Glera isiyopungua asilimia 85. Kwa hiyo mgeni anayekuambia kwamba chupa zako zote mbili ni Prosecco hajakosea. Unachopaswa kumwonyesha ni herufi zile nne, DOCG, na neno Superiore, ambavyo chupa ya tambarare haina ruhusa ya kuvibeba.

Maradufu ya bei yanatoka wapi, basi? Kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye mteremko. Mahali pengine Ulaya mteremko wa namna ile ungejengewa matuta ya kuta za mawe, lakini hapa wakulima wa kale walitumia nyasi. Matuta yao, ambayo kwa lugha yao huitwa ciglioni, ni membamba kiasi kwamba mara nyingi yanatosha mstari mmoja au michache ya mizabibu, na ukingo wa kila tuta umeachwa uote majani ambayo mizizi yake ndiyo inayoushika udongo usiteremke na mvua. Trekta haiwezi kupita pale. Majani yanakatwa kwa mkono, matawi yanapogolewa kwa mkono, na mwezi Septemba vichala vinakatwa kimoja kimoja kwa mkasi na kutiwa kwenye kreti ambazo mtu lazima azitoe mteremkoni kwa nguvu zake. Hekta moja ya namna hiyo hudai saa mia sita za kazi kwa mwaka, wakati mwingine zaidi, ilhali tambarare ambako mashine inavuna yenyewe ni kama saa mia na hamsini. Ni mandhari hii ya matuta ya nyasi, pamoja na vijiji na misitu iliyoyazunguka, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwezi Julai mwaka 2019.

Zaidi ya jasho kuna suala la mavuno. Sheria inamruhusu mkulima wa DOC kuvuna hadi tani 18 za zabibu kwa hekta. Wa Conegliano Valdobbiadene anaishia tani 13.5. Chupa ikiandikwa Rive, neno la wenyeji lenye maana ya miteremko mikali, na kufuatiwa na jina la kijiji kimoja kati ya maeneo 43 yaliyoorodheshwa, kikomo hushuka hadi tani 13, mavuno lazima yawe ya mkono na mwaka wa mavuno lazima uandikwe. Juu ya yote kipo kilima kimoja tu karibu na Valdobbiadene, kiitwacho Cartizze, chenye takriban hekta 107 zinazogawanywa na familia nyingi, ambako kikomo ni tani 12. Mzabibu unaobeba vichala vichache huvilisha vizuri zaidi, na usiku wa baridi unaoshuka kutoka milima ya Alpi huhifadhi ukali wa tunda na harufu yake ambayo joto la mchana lingeipeperusha. Sisi wa pwani tunajua embe la kivulini na embe la juani si embe moja. Hili nalo ni la namna hiyo.

Sasa nyumba kongwe. Sitaijadili nyumba yako, maana sijui mikataba yenu, lakini nichukue mfano unaojulikana. Antonio Carpenè, mwanakemia wa Conegliano, alianzisha kiwanda chake mwaka 1868, kile kinachoitwa leo Carpenè Malvolti, na ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuitengeneza zabibu hii kuwa mvinyo wa mapovu. Mwaka 1876 alishiriki kuanzisha Conegliano shule ya utengenezaji wa mvinyo, ya kwanza ya aina yake nchini Italia, na vizazi vya watoto wa wakulima wa vilima vile vimepita humo. Huo ndio urithi halisi ambao mwaka wa zamani kwenye lebo hudokeza: kuyajua mashamba, kujua mteremko upi huiva kwanza na upi hukawia, na mkono uliorithishwa. Ni kitu cha thamani, ila si hakikisho. Zipo nyumba zenye majina ya kale ambazo pia hununua zabibu za tambarare na kutengeneza chupa za DOC, na zipo familia changa zenye shamba dogo zinazotengeneza Rive bora. Mgeni akikuuliza, usianzie kwenye mwaka wa ukoo. Anzia kwenye DOCG, kisha Rive na jina la kijiji, kisha mwaka wa mavuno.

Hapa ndipo tunafika kwenye povu, na ningependa unisome polepole. Zabibu zikikamuliwa, maji yake huchacha kwa hamira kama kinywaji chochote kinavyochacha, na kinachopatikana ni mvinyo mweupe uliotulia, mwepesi na mkali kidogo. Ili upate mapovu lazima uchache mara ya pili mahali palipofungwa. Wafaransa wa Champagne hufanya hivyo ndani ya kila chupa, kisha chupa hulazwa pamoja na hamira yake iliyokufa kwa miezi mingi, isiyopungua kumi na mitano tangu itiwe chupani hadi iuzwe, na hamira ile inapovunjika taratibu huupa mvinyo ladha ya mkate na karanga. Mwaka 1895 Mwitaliano Federico Martinotti alisajili njia nyingine, ambayo Mfaransa Eugène Charmat aliiboresha mwanzoni mwa karne ya 20: uchachushaji wa pili ufanyike ndani ya tangi kubwa la chuma linalohimili presha. Mvinyo huingizwa humo pamoja na sukari na hamira, tangi linafungwa, hamira inakula sukari na kutoa pombe na hewa ya kaboni, na hewa ile kwa kukosa pa kutokea hujiyeyusha ndani ya mvinyo. Gramu 4 hivi za sukari kwa lita hutoa kiasi kimoja cha presha ya anga. Gramu 20 hutoa tano. Tairi la gari dogo unalojaziwa kwenye kituo cha mafuta huwa na presha ya 30 hadi 35 kwa kipimo cha psi, ambacho karibu 15 zake ni sawa na presha moja ya anga. Chupa hii unayoibeba kwenye trei ina karibu 70 kwa kipimo hichohicho. Baada ya siku zisizopungua thelathini tangi hupozwa hadi chini ya sifuri, hamira inalala, mvinyo unachujwa na kutiwa chupani bila kupoteza hewa yake.

Wapo wanaosema kwamba tangi ni njia ya mkato na chupa ndiyo njia ya heshima. Sikubaliani nao. Glera ni zabibu ya harufu: tofaa la kijani, peasi, maua meupe. Ukiilaza miaka miwili juu ya hamira, harufu ya mkate itaimeza harufu ya tunda, na tunda ndilo lililokufanya uipande. Tangi lilichaguliwa kwa sababu linaharakisha kazi na kuifungia harufu ile ikiwa mbichi. Ila kilichofungiwa hakidumu. Harufu za namna hiyo huvunjika kadiri muda unavyopita, na kwa kuwa mvinyo huu haukupewa kile ambacho Champagne hukipata kwa kulala na hamira, zikishaondoka hakuna kinachoshika nafasi yake. Hilo ndilo jibu kwa bosi wako. Prosecco haipandi thamani stoo. Baadhi ya chupa za Brut, zenye sukari kidogo, hasa za Rive, huweza kustahimili miaka michache zaidi katika ghala la baridi, lakini stoo ya Malindi isiyo na kiyoyozi si ghala la baridi, na joto huharakisha uharibifu huo.

Kuhusu mgeni na utamu, chupa yako haina kosa. Kosa ni la maneno. Katika karne ya 19 mvinyo wa mapovu ulikuwa mtamu mno, kiasi kwamba uliopunguzwa sukari kidogo tu uliitwa mkavu, yaani usio na utamu, na majina hayo yakabaki kwenye sheria hata baada ya ndimi za watu kubadilika. Leo Brut ina sukari isiyozidi gramu 12 kwa lita, Extra Dry ina gramu 12 hadi 17, na Dry, ambayo kwa maana ya neno ingepaswa kuwa kavu, ina gramu 17 hadi 32. Cartizze kwa desturi huuzwa ikiwa Dry. Ukilinganisha na soda, ambayo hukaribia gramu 100 kwa lita, hata hiyo Dry ni kitu kidogo. Glasi moja ya Extra Dry ina kama nusu kijiko cha chai cha sukari. Lakini mgeni aliyezoea Brut ataihisi mara moja. Dawa yake ni kumuuliza kabla ya kufungua: "Signora, unapenda isiyo na utamu kabisa au yenye utamu wa mbali?" Akichagua ya kwanza mpe Brut au Extra Brut, iliyo kavu zaidi; kama hoteli haina, mwambie bosi wako aagize angalau katoni moja, maana kwa wageni wa Kiitaliano wanaokula samaki ni hitaji la kila siku.

Turudi stoo, kwa hizo katoni nne. Kwanza tafuta neno Millesimato, linaloashiria mvinyo wa mwaka maalumu wa mavuno, au mwaka wenyewe kwenye lebo ya mbele au ya nyuma. Kisha toa chupa moja kutoka kila katoni, uziweke friji usiku kucha, na kesho yake uzifungue mchana mahali penye mwanga. Kizibo chake kwanza: kizibo kilichotoka kwenye chupa changa hupanuka chini kikafanana na uyoga, na kilichobanwa muda mrefu hubaki chembamba, kimenyooka kama kigingi. Rangi ya mvinyo iwe ya majani makavu yaliyopauka, karibu kijani. Ikiwa ya dhahabu iliyokolea, umri umeanza kusema. Mapovu yapande kwa nyuzi ndogo zisizokatika, na si matone machache makubwa yanayotoweka upesi. Harufu ya tofaa lililopondeka likakaa mezani ni dalili ya uzee. Harufu ya kartoni iliyolowa maji ni kizibo kibovu, nayo hutokea hata kwa chupa ya jana. Harufu ya kabichi iliyochemshwa mara nyingi ni ya chupa zilizokaa chini ya taa kali, hasa zile za kioo cheupe. Ukiona mashapo mengi chini ya chupa usitaharuki kabla ya kusoma lebo, kwani ipo Prosecco ya jadi iitwayo col fondo au Sui Lieviti, inayochachia chupani na kuachwa na hamira yake makusudi.

Hadi hapo unaweza kufanya peke yako, na kama kunusa kwenyewe hukutaki, mwenzako wa zamu anaweza kukusaidia. Lakini uamuzi wa kuuza, kushusha bei au kumwaga unahitaji mtu anayeonja. Mwite mwakilishi wa msambazaji wenu, au mhudumu wa mvinyo aliyesomea katika hoteli kubwa iliyo jirani, aonje hizo chupa nne mbele yako na mbele ya bosi, na mwandike matokeo ya kila katoni. Chupa iliyochoka haina madhara zaidi ya pombe yoyote, ila si ya kuuzwa kwa bei kamili. Kuhusu hofu ya bandia, kila chupa ya DOCG ina utepe wa serikali ya Italia wenye namba yake ya pekee, uliobandikwa shingoni, na kwa kuwa mko Kenya lazima pia iwe na stempu ya ushuru ya KRA, ambayo unaweza kuikagua kwa simu kupitia programu yao ya Soma Label. Utepe ukikosekana, au stempu ikikataa kusomeka, usibishane na aliyewaletea mzigo. Weka katoni kando, piga picha, na uwaite KRA wenyewe waje. Hapo mimi wa mbali sitakusaidia.

Kwa zile utakazoagiza sasa, agiza kiasi cha miezi mitatu au minne tu. Ziwekwe gizani na penye ubaridi. Zisimame au zilale, kwa muda mfupi hivyo haina tofauti kubwa. Ziandaliwe kwa baridi ya nyuzi 6 hadi 8, na kama mgeni ana haraka, ndoo yenye barafu, maji na kiganja cha chumvi hupoza upesi kuliko barafu peke yake. Usifungue chupa yenye joto hata kwa kuombwa, kwani presha hupanda pamoja na joto na kizibo kimewahi kuwajeruhi watu macho. Ukilegeza waya, kidole gumba kisitoke juu ya kizibo. Kishike kizibo kwa mkono mmoja na uizungushe chupa kwa mwingine, kitoke kwa mguno badala ya mlipuko. Kijiko cha fedha kinachotumbukizwa shingoni ili kuhifadhi mapovu hakifanyi chochote. Nunueni vifuniko vya chuma vyenye klipu, na chupa iliyofunguliwa iishe kesho yake.

Nimesahau jambo moja ambalo litawaokolea fedha. Wageni wanaoagiza Spritz, ile ya rangi ya machungwa yenye Aperol na soda, wapewe Prosecco yenu ya tambarare, kwa kuwa uchungu wa Aperol hufunika kila kitu na ya DOC inatosha kabisa. Nimeona baa ikimimina Rive ndani ya Spritz kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa imefunguliwa. Chupa za mteremkoni zibaki kwa anayezinywa peke yake au na samaki, na katoni yoyote kati ya zile nne ambayo mwonjaji atasema imepungua ila haijaharibika, iishie humo humo kwenye Spritz kabla msimu haujaisha.